Wanaosafisha dohani na maboila: maski peke yake haitoshi, masizi yanapita kwenye ngozi (uzi mrefu)

Mzee wa Brashi ameandika:

Wakuu habari za saa hizi, naombeni uvumilivu maana nina mengi.

Nimesafisha dohani na maboila miaka tisa. Nilianza kama kibarua wa kushika taa na kumpokelea fundi brashi, sasa hivi naingia mwenyewe na nina vijana wawili chini yangu, na hao vijana ndo wamenifanya niandike. Juzi mmoja kamaliza kazi, kavua glavu, kajifuta mikono kwenye suruali, kakaa kula. Nikamwambia nenda kanawe kwanza, akanijibu "bro si nilivaa maski". Nikakosa la kumwambia kwa sababu hilo ndo jibu nililokuwa nalo mimi miaka yote, na aliyenifundisha kazi naye alikuwa nalo hilo hilo.

Jioni ile nilioga kama kawaida, sabuni na dodoki, nikatoka najiona msafi. Sasa kuna kitu nilikuwa nimesoma kwamba watafiti wakitaka kujua mfanyakazi kabeba masizi au lami kiasi gani kwenye ngozi wanaweza kumfuta kwa mafuta ya alizeti, maana hizi kemikali hazipendi maji, zinapenda mafuta. Nikachukua kitambaa cheupe cha pamba, nikatia mafuta matone mawili matatu, nikapitisha nyuma ya sikio. Kikatoka kijivu. Mkunjo wa kiwiko kijivu. Kiunoni pale mkanda unapobana kulikuwa na mstari mweusi umezunguka, mwembamba kama umechorwa na kalamu, na hapo ni baada ya kuoga wadau, sio kabla. Kwenye kinena ndo kabisa nilikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa nikawa nakiangalia tu kile kitambaa. Kisha nikaoga upya.

Masizi sio kaboni tupu. Kitu kikiungua bila hewa ya kutosha, iwe kuni, makaa ya mawe au mafuta mazito, kinaacha kundi la kemikali wanaloliita polisaikliki aromatiki haidrokaboni, kwa kifupi PAH, zimeganda juu ya vile vipunje vyeusi. Maarufu kati yao ni benzopairini. Maski inazuia kipunje kisiingie puani, sawa, lakini kipunje hicho hicho kikikaa shingoni masaa manane na jasho na mafuta ya mwili, kemikali inatoka kwenye kipunje inaingia kwenye ngozi. Na ngozi ya mfuko wa korodani ni nyepesi na inapitisha vitu kirahisi kuliko ya kiganja kwa mbali sana.

Na hii sio habari mpya, ndo inayoniuma. Mwaka 1775 daktari wa upasuaji wa hospitali ya St Bartholomew's kule London, Percivall Pott, aliandika kwamba wasafisha dohani wanapata kidonda kwenye mfuko wa korodani ambacho watu wengine hawapati. Wenyewe kwenye fani walikuwa wanakiita chunjua ya masizi. Madaktari wengi walikuwa wanadhani ni ugonjwa wa zinaa wakawa wanawapa dawa za zebaki, yaani mtu anaaibishwa na kupewa sumu juu ya sumu. Pott akasema hapana, hii ni saratani na inatokana na masizi yanayojificha kwenye mikunjo ya ngozi. Ilikuwa mara ya kwanza saratani kuhusishwa wazi na kazi anayofanya mtu.

Waliokuwa wanaugua walianza kazi wakiwa watoto, miaka sita, wengine hata chini ya hapo. Dohani nyingi zilikuwa na upana wa inchi 9 kwa 14, mtu mzima haingii, kwa hiyo mtoto anapandishwa, mara nyingi uchi ili asinase, anasukuma kwa viwiko na magoti huku masizi yanamwagika kichwani. Halafu analala juu ya magunia ya masizi yale yale. Chunjua inakuja kutokea ukubwani, wakati hakuna anayekumbuka tena nani alimpandisha.

Nitaendelea, ila nataka kusikia wenzangu wa kazi hii. Mnaoga wapi na saa ngapi?

Kitunguu Saumu ameandika:

Mkuu uzi mzuri ila naona unatisha watu. Hao walikuwa watoto wanaingia uchi ndani ya dohani miaka ya 1700. Sisi leo tunasimama juu ya paa na brashi ya vyuma virefu, tuna ovaroli, tuna vakyumu. Mjomba wangu kafanya hii kazi miaka thelathini na ana afya kuliko mimi. Na wengi wanaougua ukichunguza ni wavuta sigara.

Mzee wa Brashi ameandika:

@Kitunguu Saumu hoja yako ni ya haki na mimi nilikuwa nayo, mpaka nilipofika kwa Waswidi.

Sweden wana chama cha wafanyakazi wa dohani chenye daftari la wanachama tangu 1918. Watafiti wakachukua wanaume 6,320 wa kwenye daftari hilo wakawalinganisha na rejista ya saratani ya taifa kuanzia 1958 hadi 2006. Sio watoto na hawakuwa uchi, ni mafundi wenye brashi kama wewe na mimi, kwenye nchi yenye sheria za kazi. Kwa umri wao zilitarajiwa saratani 626. Zikapatikana 813. Mapafu, kibofu cha mkojo, koo la chakula, ini, damu, zote zilizidi, na ya kibofu ilikuwa inapanda kadiri mtu alivyokaa zaidi kwenye masizi. Sigara waliifikiria pia na haikutosha kueleza tofauti yote.

Mjomba wako Mungu amzidishie umri. Ila toa 626 kwenye 813 uone wamebaki wangapi, kila mmoja kati ya hao naye alikuwa mjomba wa mtu. Na waliobaki wazima walikuwa wengi kuliko waliougua, ndo maana kila fundi ana mfano wa mzee aliyemaliza salama.

Kingine, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lile la WHO lililoko Lyon, limeweka masizi ya wasafisha dohani kundi la kwanza, yaani inajulikana yanasababisha saratani kwa binadamu, wakataja ngozi na mapafu. Hilo kundi ndo wanakaa asbestosi na moshi wa sigara.

Nesi wa Zamu ameandika:

Mimi nimefanya kitengo cha afya kazini miaka kadhaa, nichangie kidogo.

Watu wanadhani benzopairini yenyewe ndo inakata seli kama wembe. Hapana. Mwili ukiipokea unajaribu kuifanya iyeyuke kwenye maji ili itoke na mkojo, vimeng'enya vinaishika na kuibadilisha hatua kwa hatua, na katikati ya hiyo safari inatokea umbo moja kali sana linaloenda kung'ang'ania DNA. Seli ikijigawa kabla haijarekebisha hapo panabaki kosa. Makosa yanajikusanya miaka ishirini, thelathini, ndo maana fundi wa miaka 35 anajisikia yuko fiti kabisa. Hakuna kikohozi cha kukuonya wala muwasho.

Isipokuwa kitu kimoja, mkiwa mmefanya kazi kwenye dohani yenye lami ile nyeusi inayong'aa, halafu mkakaa juani, uso na mikono inachoma kama imeunguzwa na maji ya moto. Hiyo ni kemikali iko kwenye ngozi na mwanga wa jua unaiamsha. Nimeona watu wanasema ni aleji ya jua. Ukiona hivyo ujue kemikali imeshaingia.

Kuna kipimo cha mkojo pia, wanatafuta kitu kinaitwa haidroksipairini. Kinaonyesha ulichopokea siku moja mbili zilizopita, kwa hiyo mkojo unachukuliwa mwisho wa zamu, ikiwezekana siku ya mwisho ya wiki ya kazi. Hakikwambii kama una saratani au utaipata, msichanganye. Kinakwambia kinga yako inafanya kazi au la. Mtu anayevuta sigara matokeo yake yanapanda pia, lazima aseme ukweli.

Na wanaume nawaomba sana, chunjua au kidonda kwenye korodani kisichopona wiki tatu, nenda kaonyeshe. Usiseme ni fangasi ukakaa nacho miezi sita kwa aibu. Mwambie daktari kazi yako bila kuulizwa, maana wengi hawaulizi. Mkojo ukiwa na damu hata mara moja na ukakata wenyewe, nenda pia.

Sumu ya Nyigu ameandika:

Naomba kuuliza, masizi ya kuni si ni ya asili? Nimesikia ya makaa ya mawe ndo mabaya

Mzee wa Brashi ameandika:

@Sumu ya Nyigu kuni mbichi inayofukuta bila hewa inatoa PAH nyingi tu, uasili wake haukusaidii. Makaa ya mawe yana nyongeza yake, yanaweza kuja na aseniki na metali nyingine. Mafuta mazito ya boila nayo yana yake. Mimi ninayoyaogopa zaidi ni yale yanayong'aa kama kioo, yamegandana ukutani, kwa sababu ukiyakwangua yanapasuka vumbi jembamba sana, na ile lami yake ukiigusa haitoki.

Na kwenye dohani za zamani angalia viungio na kamba za kuzibia milango ya boila, nyingine zina asbestosi. Kwenye utafiti ule wa Sweden saratani ya utando wa mapafu nayo ilizidi, na hiyo watu wa afya wanaijua asbestosi ndo mshukiwa wake wa kwanza.

Mama Pacha ameandika:

Mimi sio fundi, mume wangu ndo anafanya hiyo kazi. Nimesoma huu uzi mara mbili. Ovaroli zake nazifua mimi kwa mkono kwenye beseni moja na nguo za watoto, nazikung'uta kwanza nje ukutani vumbi litoke. Foronya yake upande anaolala ina rangi ya majivu na nimeshazoea. Akirudi watoto wanamrukia kabla hajavua. Naombeni mniambie nifanye nini, msinifiche

Nesi wa Zamu ameandika:

Dada yangu pole, na hukufanya kosa, hakuna aliyekwambia.

Kukung'uta acha kabisa kuanzia leo, hapo ndo unavuta vumbi lote wewe. Nguo za kazi zisiingie ndani, avulie kazini, aziweke kwenye mfuko wa plastiki ufungwe, na kama lazima zifuliwe nyumbani zifuliwe peke yake, mfuko umwagwe moja kwa moja kwenye maji, wewe uvae glavu za mpira, na beseni lisirudi kwa nguo za watoto. Haki yenyewe ni mwajiri azifue, lakini najua hali halisi. Aoge na nywele kabla ya kushika watoto. Foronya ibadilishe, ikianza kuwa kijivu tena ujue hajaoga vizuri, hiyo ndo mashine yako ya kupimia.

Kamanda wa Moto ameandika:

Sisi wa zimamoto tumepita hapo hapo. Zamani helmeti nyeusi na koti linalonuka moshi ilikuwa heshima, kijana mpya anapaka masizi makusudi aonekane mzoefu. Mwaka 2022 shirika hilo hilo la Lyon likaiweka kazi ya zimamoto kundi la kwanza. Sasa hivi tukitoka kwenye tukio koti linasuuzwa pale pale, shingo na uso vinafutwa kabla hujapanda gari, na koti halipandi kwenye kabini. Nimeona wasafisha dohani wanakaa kwenye gari la kazi na nguo zao, kesho yake wanapanda na nguo safi kwenye kiti kile kile. Futeni usukani na kiti kwa kitambaa cheupe muone.

Mzee wa Brashi ameandika:

@Kamanda wa Moto nimefuta usukani asubuhi hii. Sina la kuongeza.

Narudi kwenye historia kidogo kwa sababu kuna kitu pale cha kazi ya leo. Uingereza walitunga sheria 1788 kwamba mtoto wa chini ya miaka 8 asipandishwe, haikufuatwa. 1840 wakasema hakuna kupanda dohani chini ya miaka 21, haikufuatwa, maana hakuna aliyepewa kazi ya kusimamia. Mpaka 1875 mtoto anaitwa George Brewster akanasa kwenye dohani ya hospitali ya wagonjwa wa akili huko Fulbourn karibu na Cambridge, wakabomoa ukuta kumtoa, akafa. Mwaka huo huo ikaja sheria kwamba msafisha dohani lazima awe na leseni na polisi wasimamie. Ni miaka 100 kamili kutoka maandishi ya Pott.

Lakini watoto walipotoka chunjua haikuisha. 1892 daktari mwingine wa upasuaji wa London, Henry Butlin, akajiuliza mbona Waingereza wanaugua na wenzao wa Ujerumani, Uholanzi na Ubelgiji ni nadra? Masizi ni masizi. Akakuta wale wanavaa nguo ya kubana kuanzia shingoni mpaka miguuni na wanaoga mwili mzima kila siku. Waingereza wanavaa nguo zinazopwaya na kuoga ni mara moja moja. Ndo hiyo tu tofauti. Hapo sayansi hata haijajua kemikali ni ipi. 1915 ndo Wajapani wawili, Yamagiwa na Ichikawa, wakapaka lami ya makaa ya mawe kwenye masikio ya sungura kwa miezi mpaka saratani ikatoka, na 1933 kundi la mtafiti wa saratani Kennaway huko London likachambua tani mbili za lami ngumu mpaka wakaipata benzopairini yenyewe. Yaani sabuni ilifanya kazi miaka arobaini kabla mtu hajaijua sumu kwa jina.

Kwa hiyo nikisema kuoga simaanishi usafi wa kupendeza. Kuoga ni sehemu ya kazi kama kufunga kamba ya usalama, na inatakiwa iwe ndani ya saa za kazi. Hapa ndo nina ugomvi. Sehemu niliyofanya kazi mwanzo, siitaji, tulipewa maski ya karatasi moja kwa wiki na bomba moja la maji ya baridi nje. Nikaomba dakika ishirini za kuoga kabla ya kufunga kazi nikaambiwa "utaogea kwako kwa muda wako". Kwako ni saa moja na nusu njiani umekaa ndani ya masizi, jasho linairahisishia sumu kupita kwenye ngozi. Wanalipia brashi na ngazi, ila dakika ishirini wanaona wameibiwa.

Kitunguu Saumu ameandika:

Nimekuelewa mkuu, zile namba za Sweden zimenikalisha. Sasa tupe unavyofanya wewe kwa vitendo, maana mimi huwa nanawa na petroli kidogo lami itoke

Mzee wa Brashi ameandika:

Petroli acha leo leo ndugu yangu! Petroli na mafuta ya taa vinayeyusha lami na kuondoa mafuta ya kinga ya ngozi kwa wakati mmoja, unakuwa umeifungulia mlango. Tumia sabuni ya maji na maji ya uvuguvugu na brashi laini, ikibaki kidogo kwenye kucha irudie kesho.

Ninachofanya sasa hivi. Maski ni ile ya mpira yenye vichujio vya P3, yaani daraja la juu la kuzuia vumbi, na ndevu nimenyoa, kwa sababu niliijaribu na ndevu, nikaziba vichujio kwa viganja nikavuta pumzi, hewa ikaingia pembeni vizuri tu. Kofia ya ovaroli inafunika shingo. Mikono ya ovaroli inaingia ndani ya glavu na nazungushia utepe wa gundi wa karatasi pale kwenye kiungo, maana masizi yanapenda kifundo cha mkono. Ndani navaa chupi na fulana za kazi, zinabaki kazini, wengi wanabadilisha ovaroli wanarudi nyumbani na chupi ile ile, na kumbuka Pott alikuwa anaongelea sehemu gani. Sipulizi kwa kompresa na sifagii vumbi kavu, naloweka au navuta na vakyumu yenye kichujio cha hepa kinachonasa vumbi jembamba, ile ya kawaida inavuta mbele inatema nyuma. Glavu zikiwa chafu ndani nazitupa, glavu chafu ndani ni mbaya kuliko mkono mtupu, inakuwa kama bandeji ya sumu. Sigara na chakula sigusi mpaka nimenawa hadi kwenye viwiko.

Vijana wangu sasa wanamaliza kazi nusu saa kabla na wanaoga kwa zamu, nimenunua hita ndogo ya maji. Kazi haijapungua.

Mama Pacha ameandika:

Nimemsomea mume wangu. Amekaa kimya muda mrefu halafu akaniuliza kitambaa cheupe kiko wapi

Mzee wa Brashi ameandika:

Mwambie asisahau nyuma ya masikio na kiunoni, na akimaliza kujifuta aoge hapo hapo, yale mafuta yasikae mwilini.

Update kwa wote: leo yule kijana wa "si nilivaa maski" kajipima mwenyewe baada ya kuoga bila mimi kumwambia, kaniletea vitambaa vinne kavipanga mezani. Shingo nyeupe. Kiwiko cheupe. Kiuno cheupe. Goti la kushoto jeusi. Tukalitandika ovaroli lake chini tukamulika na tochi, pana mchaniko wa sentimita mbili hivi pale anapopigia goti kwenye ngazi, hata huuoni akiwa amelivaa. Hilo ovaroli limeshatoka kazini, kesho anaanza na jipya, na mimi nimekagua langu nikakuta matundu mawili.

@Nesi wa Zamu kile kipimo cha mkojo nataka tufanye wote watatu, Ijumaa mwisho wa zamu ni sawa?